Mtori wa Mkopo

Yustina mwanangu,

Salamu sikupi, maana umelala chumba cha pili na nasikia kitanda kinavyolia kila unapojigeuza. Najua hujapata usingizi. Mimi pia sijapata, ila mimi nina sababu ya maana. Nina hasira na wewe.

Nimesikia ulichomwambia Apolonia jikoni leo. Ulidhani bado niko mfereji wa maji. Ulimwambia, "Mama mkubwa, kesho sipandi basi. Nikienda Singida, baba mdogo Gaspari atamtoa mama kwenye kihamba kabla sijafungua sanduku." Halafu ukalia, na Apolonia naye, jirani yangu wa miaka yote, badala ya kukuzaba kibao akalia na wewe! Nilisimama nje ya mlango na ndoo kichwani, nikawaacha mmalize. Kisha nikaingia nikauliza chumvi iko wapi.

Sasa nisikilize. Utapanda basi. Umesoma, umekwenda jeshini, umerudi umekonda kama ufito, na Serikali imekupangia kazi ya bibi mikopo benki, huko Singida. Utakaa mezani uamue mkulima yupi akopeshwe na yupi arudi kwake mikono mitupu. Halafu uniambie unabaki hapa kunilinda? Unilinde kwa silaha gani, kwa cheti?

Habari za kuchemsha maji ya kunywa na kwenda kanisani sikuandikii. Umezisikia tangu unanyonya, na kama hazijaingia, barua haitaziingiza. Nataka nikuambie mambo ambayo sijawahi kukuambia, mengine ya kujivunia na mengine ya aibu, ili umjue vizuri huyu mama unayetaka kumlinda. Na mwandiko wangu usiucheke. Masista walinifikisha darasa la nne wakanirudisha nyumbani.

Unajua kihamba hiki, shamba letu la urithi, kilivyogawanywa, na vihamba vyote vya mlima huu. Kahawa ni ya mwanaume, ndizi ni za mwanamke. Vyote viko shamba lile lile, mbuni chini ya mgomba, na baba yako alipita akitazama buni zake nami nikipita nikitazama mikungu yangu, hakuna aliyegusa cha mwenzake. Sikuwa na ugomvi na mpango huo. Ugomvi ulianza nilipotaka mkopo.

Wakati huo ulikuwa unatambaa. Chama chetu cha ushirika kilikuwa kinakopesha, na wanaume wa kijiji walipata dawa ya kupulizia kahawa, walipata mabomba, wengine walipata hadi mabati, wakalipa kahawa ilipouzwa. Nikasema, mbona na mimi ndizi zangu zinauzwa? Kila siku ya soko nilizibeba kichwani hadi Moshi mjini, na wachuuzi walinipa bei waliyotaka wao. Walijua fika kwamba hakuna mwanamke atakayeupandisha mkungu mlimani tena. Na kule chini Shirimatunda nilikuwa naona watu wamejaa vyumba vya kupanga, wafanyakazi wa mashamba ya miwa na wa viwandani, waliotoka mikoa ya mbali, hawana wa kuwapikia, wanakunywa chai kavu wanakwenda kazini. Nikawaza, ndizi hizi hizi ninazozitupa kwa bei ya bure, nikiwapikia mtori je? Nilihitaji sufuria kubwa, benchi, mabati machache ya kibanda na nyama ya kuanzia. Hayo tu, wala sikuota gari.

Baba yako alikuna kichwa. "Kakope, Mama Yustina, kama watakupa." Alikuwa mtu mwema, Mungu amrehemu, ila maneno ya watu aliyaogopa kuliko radi.

Nikaenda ofisini na gauni langu la Pasaka. Karani wa mikopo alikuwa kijana mpole, akanivutia kiti.

"Shikamoo mama. Kahawa yenu ni miche mingapi?"

"Marahaba. Kahawa ni ya baba Yustina. Mimi nina ndizi."

Akaweka kalamu chini. "Ndizi si zao la biashara, mama."

"Nitalifanya la biashara. Nataka kupika mtori niuze kule chini."

Jamani, yule kijana alicheka hadi wenzake wakachungulia mlangoni. "Mtori? Chakula cha mzazi? Kwani huko Shirimatunda nani kajifungua?" Halafu akajifuta macho akasema taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto, "Mwambie mzee aje mwenyewe, tumpe dawa ya kahawa."

Nilitoka pale masikio yanawaka. Ni kweli kwetu mtori, ndizi na nyama vikapondwa hadi vikawa laini, hupikiwa mwanamke aliyejifungua ili apate nguvu na maziwa. Sasa kwani mwanaume anayekata miwa tangu alfajiri hahitaji nguvu? Hilo nilimjibu njiani, peke yangu, nikipanda mlima. Pale mbele yake sikusema kitu, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Angenitukana ningemjibu, lakini alikuwa mpole, na upole wake ulinifunga mdomo. Nawe una sauti ya upole, Yustina. Ukiwa mezani ujiangalie.

Basi nikakopa kwa wanaojua bei ya ndizi. Nilikwenda kwa Apolonia nikamwambia, "Nipe mkungu wa ndizi mshare, nitakulipa soko likiisha." Akasema, "Chukua miwili. Ila ukinilipa kwa maneno, nitakudai kanisani mbele ya padri." Nikaenda kwa jirani wa pili, na wa tatu. Sufuria niliazima ile inayopikiwa harusi. Mwenye bucha alinipa mifupa, akaniambia nikichelewa kulipa atakuja kula mtori hadi deni liishe.

Siku ya kwanza watu walichungulia sufuria wakapita. Nilikaa pale na mwiko wangu, najifanya sijali. Mwishowe dereva mmoja wa trekta, Mnyamwezi, akasimama. "Mama, huu ni uji au mchuzi?"

"Lipa kwanza, halafu utaniambia wewe."

Akalipa. Akala, akasafisha bakuli kwa kidole, akasema, "Ongeza. Na huyu mwenzangu mpe, atakulipa Jumamosi." Na mimi, ambaye nilikuwa nadaiwa hadi mifupa, nikamkopesha mtu nisiyemjua jina. Jumamosi akaja akalipa, akaja na wengine. Nilipanda mlima jioni ile nikiimba, nikapita kwa Apolonia nikamlipa mbele ya mumewe ili na yeye aone.

Kule mlimani walisema sana. Eti nauza chakula cha mzazi kwa wanaume, nimejilaani, sitazaa tena. Na kweli, mwanangu, sikuzaa tena. Gaspari alilisema hilo mbele ya baba yako kwenye mbege, watu wakiwa wamekaa, na baba yako akatazama ndani ya kata ya pombe asijibu. Hili sijawahi kukuambia. Kwa miaka mingi nilikuwa nikipondaponda ndizi pale kibandani huku najiuliza kama mwiko ule ndio uliomzuia mdogo wako asije. Nililia, tena nililia sana. Siku moja nikawatazama wanawake waliokaa nami kanisani, wenye mtoto mmoja na wasio na hata mmoja, ambao hawajauza hata kijiko cha mtori maishani mwao, nikasema basi, nimechoka kuomba msamaha kwa kosa ambalo silo. Nikaongeza benchi la pili.

Wale wanawake walionikopesha ndizi ndio walioanzisha kikundi. Walisema, tukikupa mkungu unatulipa, kwa nini tusikopeshane na sisi? Kila siku ya soko tuliweka kidogo, na mwenye haja alichukua. Ilikuwa mikopo midogo ya kumwezesha mtu kununua debe la ulezi wa mbege, vifaranga, mbolea ya migomba, au ndama jike. Apolonia alianza na ndama mmoja mwekundu aliyekonda hadi tukamcheka, na leo watu wanapanga foleni mlangoni kwake na chupa za maziwa. Tulipigana pia, usidhani tulikuwa malaika. Kuna mmoja alikopa akanunua viatu, tukamsema hadi akavuka barabara kutukwepa, lakini alilipa. Na vyama vya ushirika vilipovunjwa, wale wanaume wa kahawa wakakosa pa kukopa, walianza kutuma wake zao kwetu. Nilifurahi, nisikudanganye. Nilifurahi vibaya mno.

Na hapo ndipo nilipoharibu, wala simwachii mtu mwingine lawama hii.

Unamkumbuka Bahati? Ulikuwa mdogo, alikubeba mgongoni. Msichana wa Kigoma aliyeletwa na mume mkata miwa, na mume akaondoka akamwacha na mtoto chumbani Shirimatunda. Alikuwa ananisaidia kuosha vyombo. Nikienda kuteka maji nilimwachia fedha zote za kibandani, na haikuwahi kupungua hata senti. Siku moja akaja kwenye kikundi chetu, amevaa kanga safi, akapiga goti akasema anaomba mkopo. Alitaka karai, mafuta na unga wa ngano aanze kukaanga maandazi. Mwenyekiti nilikuwa mimi.

Nikamuuliza, "Una kihamba?"

"Sina, mama."

"Sasa tutakudai wapi? Ukipanda treni ya Kigoma kesho, tutakufuata kwa miguu?"

Wanawake wakacheka. Na mimi nilicheka. Yeye akasema, "Haya mama, asante," akamfunga mtoto wake mgongoni akaondoka. Kazini hakurudi.

Ndivyo tulivyo sisi watu wa mlima huu. Tukitaka kujua mtu ni nani, tunauliza kihamba chake kiko wapi. Asiyekuwa nacho tunamwona kama mgeni aliyekaa ukingoni mwa kiti, hata akae miaka kumi. Mimi nilimwamini Bahati na fedha zangu, nikashindwa kumwamini na zake. Ilinichukua muda kuelewa hilo, na nilipoelewa sikupata usingizi. Niliambiwa yuko sokoni Kwa Sadala, nikaenda siku ya soko nikazunguka kwa wauza maandazi wote, sikumwona. Kama alifanikiwa au aliteseka, sijui. Huko Singida watakuja kwako watu wasio na migomba, wasio na kahawa, pengine hata mpaka wa shamba hawana, na atakuja mwanamke atapiga goti. Usimuulize nilichomuuliza Bahati. Muulize anapika nini, nani anakula chakula chake, na wanaokula wanarudi au hawarudi.

Halafu zamu yangu ikafika.

Baba yako alipofariki ulikuwa sekondari. Siku tulipomaliza matanga, Gaspari, mdogo wake, naye siku hizo alikuwa tayari balozi wa nyumba kumi, alisimama sebuleni akasafisha koo. "Kihamba ni cha ukoo. Kaka hakuacha mtoto."

Nikasema, "Na Yustina?"

"Nimesema mtoto."

Wewe ulikuwa umeshika birika. Ulimmwagia chai kwenye suruali, na mpaka leo sijui kama ilikuwa bahati mbaya, na sitaki kujua. Akaruka, akajifuta, kisha akatamka hukumu yake. Kwa sababu damu ya kaka yake bado inalala humu, hatatugusa. Lakini siku binti akiolewa au akiondoka, nyumba hii haitakuwa na mtu. Haitakuwa na mtu! Nami nimesimama pale mbele yake, mzima, na mwiko mkononi.

Barua yako ya kazi ilipofika, hakuchelewa. Aliingia akapanda mstari wa masale, ule mmea wetu wa mipaka, katikati ya migomba yangu, mpaka wake mpya, nyumba ikabaki na kipande cha kuanikia nguo. Uliniuliza kwa nini siyang'oi. Mwanangu, isale lililopandwa mpakani halina mtu wa kuling'oa kwetu, hata mimi sikuthubutu, na unajua ninavyothubutu. Niliyatazama tu nikarudi jikoni. Nadhani hiyo ndiyo siku uliyoamua kubaki.

Sasa nikueleze habari ya ng'ombe. Wiki hizi mbili umeniona napokea ng'ombe wa watu, ukadhani mama amechanganyikiwa, anajitwisha kazi uzeeni. Ulinuna ulipokata majani, nilikuona. Unajua mtu akiwa na ng'ombe na nafasi hana, anampeleka kwa mwenzake amfugie. Maziwa na samadi ni vya anayefuga, ng'ombe na ndama wanabaki mali ya mwenyewe. Mababu walikuwa wanakopeshana hivyo kabla ya benki yako kuwekewa hata msingi. Na ng'ombe aliyewekwa hivyo hafunguliwi kamba na mtu mwingine ila mwenyewe. Ukimfungua wewe, una kesi na ukoo wake wote, na hakuna mzee atakayekaa upande wako.

Nilikwenda kwenye kikundi nikapiga goti, mimi mwenyekiti. Nikawaambia, "Safari hii sitaki fedha. Nikopesheni ng'ombe." Walitazamana. Kisha Apolonia akaanza kucheka peke yake, akaelewa mmoja, akaelewa mwingine, mpaka kikao chote kikawa kicheko kitupu. Wakaanza kuleta, mmoja mmoja, ng'ombe waliotokana na mikopo yetu wenyewe, kila mmoja wa ukoo wake. Na zizi nimelijenga wapi? Ng'ambo ya masale, upande wa Gaspari. Masale yenyewe sijayagusa hata jani.

Leo mchana ulipokwenda mjini kukata tiketi, ambayo sasa unataka kuitupa, Gaspari alikuja na vijana wake wawili na mapanga. Alikuja kufyeka migomba apande kahawa. Alipofika zizini akasimama.

"Shemeji, hawa ng'ombe ni wa nani?"

"Kwanza amkia. Mimi ni mke wa kaka yako."

"Shikamoo."

"Marahaba. Huyu mwekundu ni wa Apolonia. Huyu wa mabaka ni wa mama yake katekista. Yule aliyelala ni wa mke wa mwenyekiti wa kijiji."

"Waondoe."

"Si wangu, nitawaondoaje? Pita nyumba kwa nyumba uwaambie wenyewe."

Aligeuka nyuma. Vijana wake walikuwa wameshaanza kutazama chini. Akanyoosha panga kwenye kona. "Na yule mweusi?"

"Yule ni wa mama mkwe wako. Amemleta Jumanne, amemfunga kwa mkono wake mwenyewe. Kamba ile pale, fungua."

Yustina, ungekuwepo! Mwanaume wa kwetu hakai benchi moja na mama mkwe wake, akimwona njiani anaingia kwenye migomba ampishe. Sasa akamshtaki kwa habari ya ng'ombe? Kijana mmoja alishindwa kujizuia, akageukia mgomba mabega yanatikisika. Gaspari akashusha panga, akasema, "Tutaonana, shemeji." Nikamwambia, "Karibu sana, ukija njoo na majani, wanakula sana hawa."

Sikudanganyi kwamba yameisha. Gaspari ana watu wake kwenye baraza, anaweza kwenda mbele, na anaweza kushinda. Alipoondoka nilikaa juu ya ndoo, nikakaa hapo hadi ng'ombe wakaanza kulia njaa. Naogopa, ndiyo. Nimeogopa tangu siku ile ya karani, na kazi nimefanya hivyo hivyo. Lakini wanawake wote wale wana kitu chao humu ndani sasa. Akinigusa, hagusi mjane mmoja tena.

Nilitegemea kukusimulia haya ukirudi, tucheke mpaka tulie. Nikarudi kutoka mferejini nikakukuta unamwambia Apolonia hupandi basi. Unajua ni nini kilichonichoma? Gaspari alisema nyumba hii inakaliwa kwa sababu wewe unalala humu, na wewe ukiondoka hakuna mtu. Nimepigana na neno hilo tangu siku ya matanga. Na leo msomi wangu, damu yangu, amekaa jikoni kwangu akakubaliana naye. Ukibaki kunilinda, umemsaidia kusema kwamba mimi si mtu. Hilo Gaspari hakuwahi kuliweza, na wewe nisingekusamehe haraka.

Sanduku lako nimelifunga kamba, liko barazani. Shuka zako nitazitoa ukiamka tu, niziloweke, kwa hiyo ukitaka kubaki utalala juu ya kamba za kitanda. Nitakusindikiza hadi barabarani. Nikilia usinitazame, wewe panda.

Maishani mwangu nimekopa ndizi, mifupa, sufuria, fedha na ng'ombe. Kila mara kulikuwa na kitu cha kuweka rehani, nikaweka jina langu, nguvu zangu, usingizi wangu, na aibu yangu nimeiweka mara nyingi kuliko vyote. Wewe sijawahi kukuweka rehani kwa mtu, hata siku tulizolala na njaa. Sitaanza kesho, kwa ajili ya kihamba.

Ni mimi,
Mama yako, mwenye nyumba